Basketi za Mupepo na Mawe ya Reli

Asha na Pasikali, kesho asubuhi hii meza ya viatu inakuwa yenu, na mimi ninaingia mu retreti. Musicheke. Najua retreti ni ya wazee wa reli wenye kutembea na fimbo, na mimi nina miaka makumi mbili na mbili tu. Lakini muntu akiacha kazi ameacha, na mimi naenda kufundisha watoto wa darasa la pili ku Lubuye, juu shule wameifungua tena. Kwa hiyo naandika haraka, kabla sijasahau na kabla nyinyi hamujaanza kuharibu.

Sitasema nilipata nini, wala nani alinisifu. Hiyo haitawasaidia siku kiatu kitawashinda. Nitasema viatu.

Nilifika ku meza ya Papa Shabani ule mwaka vita ilifunga shule. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Walimu wakakimbia, direkta akakimbia, madawati yakageuka kuni. Mama akaniangalia wiki moja, halafu akasema: "Riziki, hauwezi kukaa mu nyumba kama sufuria. Nenda kwa Papa Shabani, anatafuta macho. Yake imechoka."

Munamujua Papa Shabani muzee, lakini wakati ule alikuwa bado anasimama siku muzima. Babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji na biashara ya chumvi, na yeye mwenyewe alishona viatu toka wakati reli ilikuwa na treni. Wakati wa vita treni haikuwako. Barabara ilikuwa na bunduki. Kila kitu kilipita ku ziwa ao ku miguu, na balo, yale mafurushi ya viatu vya mitumba, zilikuja na boti kutoka Kigoma, siku boti ilijisikia kuja.

Siku ya kwanza akafungua balo, akamwaga kilima ya viatu chini, akanionyesha kamba.

"Oza hawa," akasema.

"Papa, nioze nani?"

"Hawa wajane. Kila moja ana mwenzake humo ndani. Mutafutie, uwafunge pamoja."

Munanijua. Nikaruka ndani ya kile kilima kama kuku mu mahindi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimefunga viatu vyote, nikavipanga, nikasimama pembeni na mikono ku kiuno. Papa Shabani akavaa miwani yake yenye kufungwa na waya, akachukua pea moja, akaigeuza, akaichukua ingine.

"Riziki."

"Naam, Papa."

"Hawa wawili wote ni wa kushoto. Umeoza ndugu na ndugu. Hiyo ni haramu."

Mama mwenye kuuza ndakala, dagaa wakavu, ku meza ya pembeni alicheka mupaka akakaa chini. Nikarudia kazi yote. Njo hivyo nilijifunza kitu cha kwanza: kiatu hakipendi haraka, na mimi nilikuwa na haraka tu, sikuwa na kingine.

Ile mangaribi, chini kabisa ya kilima, nikaona basketi ya mupepo, kile kiatu cha michezo, kwa mara ya kwanza. Sasa nyinyi mumezizoea, munazirusha kama viazi. Mimi nilikuwa sijaona! Mu kisigino kulikuwa dirisha, kweli dirisha, na ndani ya dirisha kifuko cha plastiki chenye mupepo walioufungia huko kwa wazungu. Nikaminya na kidole gumba. Kikaingia, kikarudi. Nikaminya tena. Nikavua kandambili, nikavaa, nikasimama, nikaruka. Wee! Ilikuwa kama ardhi inakurudishia kitu ulichoipa. Nikakimbia mupaka ku mwisho wa soko na kurudi, nikapiga kelele: "Papa, inanisukuma! Inanisukuma!"

"Hiyo si kiatu," akasema Papa Shabani. "Hiyo ni mugonjwa mwenye kutembea na pumzi yake mu kifuko. Siku kifuko kitatoboka utaniita."

Sikumusikiliza. Toka siku ile mimi nilikuwa Riziki wa basketi za mupepo, na vijana wa mutaa wa Kitali waliniita hivyo kwa kunichokoza, na mimi nilijibu kama ni jina la ubatizo.

Sasa kazi yenyewe. Muntu akivaa, musimuulize kama iko muzuri. Atasema ndiyo kwa sababu ya rangi. Mufanye asimame, muweke kidole gumba mbele ya kidole chake kikubwa cha muguu. Gumba likiingia, sawa. Lisipoingia, hata alie, musimupe. Halafu kisigino: atembee, muangalie nyuma. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, kesho ni malengelenge. Pale usibadilishe kiatu kwanza, badilisha namna ya kufunga kamba. Kamba ya tundu za juu kabisa inashika kisigino vizuri kuliko shoseti, soksi, mbili.

Pindeni semeli, soli ya chini, kabla ya kununua balo. Ikilia kama mukate mukavu, kole, ile gundi, imekufa na povu ya ndani imekuwa unga. Kiatu kama kile kinang'aa ku meza na kinafunguka ku daraja ya Lukuga, na muntu atarudi nacho mu mukono, na hatarudi akiimba.

Na beseni. Beseni ile ya bulu si ya kunawa, Asha! Njo chombo kikubwa kuliko vyote. Weka kiatu mu maji, minya kisigino, ngoja. Mapovu yakipanda, mupepo unatoka. Fundi wa kinga, wa baiskeli, anafanya hivyo na mupira wa kinga yake, mimi nilimuibia akili hiyo wiki yangu ya pili, na hajanisamehe.

Kuhusu kuongeza mupepo: hapana. Kuna kijana moja, jina silisemi juu sasa ni baba ya watoto, aliona basketi zake zimelala kidogo. Akaenda kwa mwenye pompa, akatoboa dirisha na sindano ya kujazia mupira wa kandanda, wakapompa. Kisigino kikafura kama tumbo la chura. Akatembea hatua tano, mbele ya wasichana. Ya sita ikapasuka, na watu wa soko wote wakalala chini wakifikiri ni risasi. Askari wakaja kuuliza nani amepiga. Kijana akaonyesha muguu wake.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wasukuma kinga. Munawaona bado, lakini wakati ule walikuwa njo treni. Kinga moja, magunia mawili ya chumvi na sabuni, fimbo moja imefungwa ku gidoni, usukani, ili kuongoza, fimbo ingine nyuma ya kiti ili kusukuma, na mutu anafuata reli mupaka Nyunzu, kurudi na mafuta ya mawese. Mawe ya reli yana meno. Yanakula kandambili siku moja. Ndiyo maana walipenda basketi za mupepo: mutu akikanyaga jiwe, kisigino kinalimeza.

Wale watu nilikuwa ninasoma semeli zao kama mwalimu anasoma daftari. Mwenye kusukuma akisimama upande wa kushoto wa kinga, kiatu chake cha kulia kinaisha ndani, cha kushoto kinaisha inje, nyuma. Nilikuwa ninageuza kiatu na kumwambia: "Papa, unasukumia kushoto, na mulima ulikusumbua." Walifikiri mimi ni mulozi.

Basi mutu akijua vile anakuwa na kichwa kikubwa. Nilikuwa nacho siku ile Papa Mwamba alikuja.

Papa Mwamba alikuwa musukuma kinga, mutu murefu, mupole, wa kusema polepole mupaka unataka kumusaidia kumaliza. Papa Shabani alikuwa ku musikiti, ilikuwa ijumaa. Nikamukalisha Papa Mwamba ku kiti, nikapima muguu wake na kamba, nikatoa pea moja nyeupe na nyekundu, mupepo muzima pande zote mbili. Nikamufunga kamba mwenyewe akiwa amekaa. Ilimushika kama imeshonewa mu muguu wake. Gumba likaingia. Nilijisikia kucheza.

"Mutoto, una hakika?" akauliza.

"Papa Mwamba, na hizi utafika Nyunzu mbele ya kivuli chako."

Akaenda. Siku tisa baadaye akarudi, na hakuwa amevaa zile basketi. Alivua kandambili pembeni ya meza na akanionyesha miguu. Kucha tatu zilikuwa zimekwenda, zingine nyeusi kama zabibu. Pembeni ya kidole kidogo kulikuwa kidonda wazi. Akaweka zile basketi ku meza, taratibu, hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Riziki," akasema, "muke wangu nimemuona."

Hapa lazima niwaambie: bibi yake, Mama Feza, na mutoto wao Feza, vita iliwatenga naye. Walikuwa upande ule askari wengine walishika, na Papa Mwamba hakujua kama wako wazima. Ile safari na chumvi ilikuwa njo ya kuwatafuta. Akawakuta Nyunzu mu nyumba ya kanisa. Mama Feza alikuwa amevunjika muguu wakati wa kukimbia, ulikuwa umeungana vibaya, hawezi kutembea safari. Papa Mwamba alitaka kumuleta siku ile ile juu ya kinga. Akamupandisha na mutoto. Akasukuma mupaka ku daraja ya kwanza.

"Miguu ikanikatalia," akasema. "Nikawarudisha. Nikamwambia bibi, nitakuja na viatu vingine."

Nilitaka ardhi inimeze na meza yangu.

"Kesho kutwa wasukumaji wengine wanaondoka," akaendelea. "Askari wameachia njia. Wanasema itabaki wazi labda wiki mbili, labda siku tatu. Nikikosa hawa, sijui."

Papa Shabani alikuwa amesikia yote. Hakuniangalia. Akamwambia Papa Mwamba: "Simama. Riziki, leta gunia ya chumvi ya mama wa ndakala."

"Gunia ya nini, Papa?"

"Ulete."

Nikaburuta gunia. Papa Shabani na mutu moja wakalipandisha ku mabega ya Papa Mwamba. Soko ikaanza kukusanyika. Mama wa ndakala akauliza kama tunauza viatu ao tunaua watu. Moja akasema: "Leo wanapima mutu kilo!"

"Sasa pima," Papa Shabani akaniambia.

Nikapiga magoti, nikapima na kamba ile ile ya siku ya kwanza. Nilikuwa nimeweka fundo pale muguu wake uliishia akiwa amekaa. Asha, Pasikali, nisikilizeni: muguu ule ulipita fundo, upana wa kidole kizima! Na ulipanuka pembeni kama ugali uliomwagwa. Nikapima tena. Nikapima muguu ule ingine. Nikasahau haya yangu, nikapiga kelele: "Inakua! Papa, miguu inakua!"

"Muguu mutupu unasema uongo," Papa Shabani akasema. "Ukiubebesha njo unasema kweli. Mutu wa kusukuma kinga siku muzima, muguu wake ni ule wa chini ya gunia. Wewe ulimuuzia kiatu cha mutu aliyekaa. Na hiyo mupepo yako ilizidisha: yeye anakanyaga, kisigino kinazama, muguu unateleza mbele, kucha inapiga ukuta. Siku tisa."

"Mbona haukuniambia mbele?"

"Ungengoja nimalize?"

Nikaenda kufungua magunia.

Tukatafuta namba ile mu viatu vyote, vya ku meza, vya mu gunia, vya majirani. Muguu mukubwa vile hauko mu kila balo. Tulipata pea moja tu. Mungu wangu, ilikuwa ya ajabu: nyepesi, pana mbele, dirisha refu mu kisigino, semeli bado na meno yake yote. Nikaiweka mu beseni. Ya kulia, kimya. Ya kushoto: mapovu, moja moja, kama samaki anahema.

Tulikuwa na siku moja na nusu.

Nikabandika kiraka cha mupira wa kinga na solusio, kole ya fundi. Nikangoja ikauke, nikavaa mwenyewe, nikatembea. Hatua ya kwanza, muzuri. Ya pili, muzuri. Ya tatu, pssss. Nikakwangua, nikabandika kiraka kikubwa. Pssss. Nikajaribu na plastiki ya kuyeyusha ku moto, nikaongeza shimo. Plastiki ile haishiki kole, na kila hatua inapinda pale pale. Ningekuwa na akili ningejua saa ya kwanza. Nilijua ya sita.

"Sasa niite," Papa Shabani akasema.

"Nakuita, Papa."

Akachukua kisu, akafungua kisigino cha kushoto taratibu kama anafungua samaki, akatoa kile kifuko. Tukakata kandambili kuukuu, kipande juu ya kipande, nene kuliko ile nafasi, tukazishindilia mule zikiwa zimebanwa, tukapaka kole, tukafunga na kamba ya mupira, tukaweka jiwe juu. Kesho yake asubuhi Papa Mwamba akafika. Tukamupaka dawa ku kidonda, tukamufunga kitambaa, tukamuvalisha, tukamubebesha gunia. Gumba langu likaingia. Akatembea mupaka ku meza ya ndakala na kurudi.

Alikuwa anachechemea.

"Kidonda?" nikauliza.

"Hapana. Ni kama niko ku mutelemuko. Upande moja."

Nikalala chini kuangalia visigino. Kweli. Kushoto, kandambili zilisimama chini ya gunia. Kulia, mupepo ulizama. Upana wa kidole kidogo, lakini mupaka Nyunzu ile kidole kidogo inakula kiuno.

Papa Shabani akanipa kisu.

"Toboa ule muzima."

"Hapana."

"Riziki."

"Papa, hapana! Hii ni muzima! Haina hata mukwaruzo, angalia, inarudi, minya uone! Tupunguze kandambili ya huku."

"Tukiipunguza, italala siku ya pili, na tutakuwa tumerudi pale pale. Na ule muzima ukitobolewa na jiwe la reli katikati ya njia, atafanya nini? Miguu ni ndugu mbili. Haulishi moja nyama na ingine majani."

Papa Mwamba alikuwa bado na gunia ku mabega. Akasema, polepole kama kawaida yake: "Mutoto, mimi sitaki mupepo. Nataka kufika."

Nikachukua kisu. Nimefungua viatu vingi toka siku ile, na hakuna kilichonisumbua kama kile. Nikaingiza ncha pembeni ya dirisha. Sauti ilikuwa ndogo, kama mutu anazima mushumaa. Nikakata, nikatoa kifuko, nikashindilia kandambili. Nilihesabu vipande mara mbili, unene sawa na wa kushoto, hata aina ya kandambili sawa. Sikuwa na haraka hata kidogo, na jua lilikuwa linaenda! Saa kumi akatembea tena na gunia. Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi. Mabega yake yalikuwa sawa kama mizani.

"Ni ngumu kidogo," akasema.

"Ni ngumu sawasawa?"

"Sawasawa."

Asubuhi yake wakaondoka, kinga kumi na kitu, chumvi, sabuni, nguo. Yeye alichukua muzigo nusu tu ili aende mbio.

Siku ya kwanza nilifanya kazi kama kichaa. Ya tano nikasikia kwamba kuna milio upande wa reli. Ya nane wengine wakasema njia imefungwa, wengine wakasema hapana, aliyefungwa ni yule mwenye kusema hivyo. Nilikuwa ninashona na kubomoa. Niliwaza ile kole: je, nilingoja ya kutosha? Niliwaza mawese: mafuta yakimwagikia kole, inafunguka. Sikumwambia asimwage mafuta! Papa Shabani akanipokonya kamba mu mukono.

"Angalia. Umeoza tena kushoto na kushoto."

Ya kumi na mbili, karibu saa sita, mama wa ndakala akaniita: "Riziki! Riziki wa basketi! Mutu wako!"

Nilipita juu ya beseni, maji yakamwagika yote. Papa Mwamba alikuwa anashuka na kinga katikati ya soko, mweusi wa jua, mudomo umepasuka, na nilijitupa chini mbele yake mu vumbi. Nikashika kiatu cha kulia. Kole imeshika! Nikageuza pembeni: meno ya semeli yameisha, lakini yameisha sawasawa! Nikaminya kisigino cha kushoto, nikaminya cha kulia, vyote ugumu ule ule, nikafungua kamba kuangalia kucha, ziko, zote zilizobaki ziko, na kidonda kimefunga!

"Papa Mwamba, inua muguu! Inua nione ya chini!"

Juu yangu sauti ya mwanamuke ikasema: "Mwamba, huyu ni mutoto wa nani mwenye kusalimia viatu?"

"Njo yeye Riziki," akajibu.

"Aa. Riziki, mwanangu, karibu. Watu tuko huku juu."

Nikainua kichwa. Alikuwa amekaa ku porte-bagage, kibebeo cha nyuma ya kinga, muguu moja umenyooshwa na kufungwa ku kipande cha ubao, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi ya reli, na Feza amelala ku kifua chake mudomo wazi. Mama Feza akanipa mukono. Nikaushika na mikono yangu miwili yenye kole, na ile siku ilipita muzima bila mimi kuuliza visigino vilikuwa namna gani mu njia.